Ukuta wa Vifaa Usio na Kufuli

Marehemu kaka yangu, fundi bomba ambaye mtaa mzima ulimwita Bila Bosi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi ninayesoma haya.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Aliteuliwa kiranja, akakataa. "Kengele wanaisikia wenyewe, mwalimu." Akachapwa.

Mwaka 1979 aliacha kazi idara ya maji, akafungua karakana yake. Vifaa alivitundika ukutani kwa nje, kila kimoja kimechorewa umbo lake kwa rangi. Ukichukua spana, unaacha kofia au koti lako kwenye msumari wake. Basi. Hapakuwa na mlinzi, mwenyekiti wala daftari. Mtaro ukiziba, mwenye nafasi alichukua jembe akazibua. Nilimwambia, "Kaka, watu bila serikali ni fujo tupu." Akasema, "Na hii chai uliyoniletea, umeamrishwa na nani?" Nikammiminia kikombe cha pili.

Alimwoa wifi yangu, mshonaji, tarehe 2 Juni 1984. Harusi haikuwa na kamati, na chakula kilibaki.

Januari 2024 figo zilimlaza hospitali. Mimi na kimbelembele changu nikaufunika ukuta kwa wavu wa chuma, nikatia kufuli, nikashika ufunguo na daftari la majina. Tarehe 20 Februari mvua ikanyesha, mtaro ukaziba. Mimi niko sokoni. Watu kumi wamesimama wanatazama maji yakiingia kwa wifi yangu, hadi cherehani ikalowa. Niliporudi niliwafokea. Wakanijibu, "Dada, si una ufunguo? Basi na mtaro ni wako."

Siku hiyohiyo kaka aliniuliza kitandani, "Ukuta haujambo?" Nikasema haujambo. Akatabasamu, wala hakuuliza tena. Alifariki tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, na uongo wangu ndio habari ya mwisho aliyoipata ya mtaa wake. Naona aibu mbele ya jeneza hili, na mbele yenu.

Kufuli nimelitoa leo asubuhi. Majembe mliyochimbia kaburi yametoka pale. Nimeyaona makoti yenu kwenye misumari. Sikuandika jina la mtu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Majembe mtayarudisha wenyewe.

Apumzike kwa amani, kaka asiyetaka kuamrishwa wala kuamrisha.