Sarafu Mbili Kinywani mwa Lampo

Mheshimiwa kuhani wa Apolo. Wazee wa ukoo wetu. Majirani zangu wa hapa Egina. Nanyi mliobeba jeneza la mwanangu mkalitupa mkakimbia: karibuni. Kabla sijaendelea, pitisheni bakuli hilo, na kila aliyekuja na visarafu vyake shavuni avitemee humo. Najua sote tumekulia hivyo, fedha ndogo yenye picha ya kasa hukaa kinywani mtu aendapo sokoni. Lakini leo mtacheka, na mimi nimeona kicheko kinavyoua.

Mwanangu Lampo, huyu mnayemwona na ndevu zake amefungwa nguo za kitoto, alikuwa akibishana bei. Muuza pweza akamtania: "Bahili wewe! Pweza ana mikono minane, yote wazi. Wewe una miwili, yote ngumi!" Lampo akacheka, akapaliwa, akaanguka. Tulimpiga mgongoni, tukamwita, wapi! Pumzi hatukuisikia. Mkewe Kleita akakata nywele zake. Mimi, baba mtu, nikamfumbua kinywa kwa vidole hivi, nikamwekea sarafu, nauli ya yule mvushaji wa wafu. Kisha nikamwita jina lake mara tatu, kama tunavyowaaga wafu wetu. Hakuitika.

Jamani, ni nani kati yenu angekumbuka kutafuta sarafu nyingine kooni mwa maiti?

Pale kwenye lango la mji, tukienda makaburini, mbebaji mmoja akajikwaa. Jeneza likaenda chini, maiti akakohoa, sarafu mbili zikaruka zikalia juu ya mawe. Nyinyi mlitimua mbio, hata wapiga zumari walikimbia huku wanapiga! Tukabaki wawili. Akaketi na sanda yake, akaziokota, akaniuliza: "Baba, hii moja ni yangu. Hii nyingine ya nani?"

Nilikuwa nakwenda kumzika mwanangu hai!

Nanyi mnaijua sheria yetu. Aliyekwisha kuliliwa matanga haingii hekaluni, hali chakula na watu, wala hamgusi mkewe, mpaka azaliwe upya na apewe jina. Tumemwogesha kama kichanga, tumemtafutia mama wa kumnyonyesha, na mmecheka mpaka basi. Lakini mmemwona Kleita? Amekaa nyuma ya mlango akimsikia mumewe akikohoa, asiruhusiwe hata kumpelekea maji. Leo nisipompa jina, Lampo ni marehemu anayepumua.

Ndugu yangu Pithea amenishika mkono hapo uani: "Kaka, mpe jina jingine, kifo kisimtambue." Nimekusikia, Pithea, nimekataa. Jina hili niliita nikakosa jibu, na ukimya ule bado umenikaa kifuani. Siwezi kuuacha humo.

Lampo!

Mmesikia? "Naam, baba." Mheshimiwa kuhani, umesikia na wewe? Basi Kleita, mama, toka huko mlangoni. Njoo umchukue mumeo.

Nawashukuruni kwa kuja, na kwa masikio yenu. Bakuli litarudi, kila mtu achukue chake, asichukue cha jirani. Ile sarafu ya mvushaji naiweka mwenyewe. Sasa ni nauli yangu. Nawe Lampo, siku utakaponiwekea kinywani, nakusihi mwanangu: nitikise kwanza.