Kaka Yetu Jaji na Hukumu ya Nyimbo na Filamu za Mwaka

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliotoka mbali kuja kutusindikiza, familia imemsimamisha mbele yenu mdogo wake marehemu, yule kitinda mimba, awaeleze kaka yake aliishi vipi, naye amekubali kwa sharti moja kwamba hatapamba, kwa sababu anayezungumzwa hapa hakuvumilia kitu kilichopambwa, na angekuwa ameketi pale nyuma angengoja tumalize, kisha angetuambia ni sehemu gani iliyochosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi wa reli na mkewe muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, ambako kuta zilitikisika kila garimoshi lilipopita na watoto walijifunza kunyamaza katikati ya sentensi na kuendelea pale pale walipoachia. Baba alimpa jina zuri, lakini jina hilo lilibaki kwenye vyeti, maana tangu ujana wake mtaa mzima, hata mama aliyemzaa, ulimwita Jaji, na sababu yake mtaisikia.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 jirani na kituo cha treni, akamaliza mwaka 1965, akaendelea na shule ya ufundi hadi Novemba 1969, akisomea umeme, na darasani hakuwa wa kutikisa wala wa kutia aibu. Kwenye kwaya ya shule, hata hivyo, hakudumu, kwa kuwa siku ya wageni alimwambia mwalimu, mbele ya hao hao wageni, kwamba sauti ya pili ilikuwa ikikokota miguu, na ingawa kila mwenye masikio alijua ni kweli, ni yeye aliyetolewa nje.

Tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa kwenye jumba la sinema la barabara kuu kama msaidizi wa fundi wa mtambo wa kuonyeshea filamu, na baada ya miaka minne akawa fundi mkuu, akishinda kwenye kile chumba kidogo cha juu chenye joto la tanuri, mashine mbili, harufu ya mafuta, na kidirisha cha kuchungulia kisichozidi ukubwa wa daftari. Huko juu filamu moja aliitazama mpaka akajua mwigizaji gani anapepesa macho kabla ya kudanganya, naye alikuwa akisema kwamba filamu ukiiona mara moja inakubembeleza, ila ukiirudia wiki nzima inaishiwa na ujanja, na hapo ndipo unapojua kama kuna kitu ndani.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 12 Aprili 1975, na aliyemwoa ni fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na jumba la sinema, ambaye kila Jumamosi mchana aliingia kutazama filamu na kucheka mahali ambapo hakuna mwingine aliyecheka, hadi fundi wa mtambo akashuka ngazi kuja kumwona ni nani huyo. Wifi yetu huyo, Mungu amrehemu, ndiye mtu pekee aliyeweza kubishana naye na kumshinda, na kila alipomshinda, kaka alifurahi siku nzima. Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike, aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 1977, naye yuko hapa mbele yenu.

Sasa tuje kwenye ile desturi iliyompa jina. Kila Jumapili ya mwisho ya Desemba, baada ya chakula cha mchana, viti viliazimwa kwa majirani vikapangwa sebuleni, yeye akavaa tai, akatangaza filamu bora na filamu mbaya za mwaka, kisha wimbo bora na wimbo mbaya, na watu walialikwa siyo kumpigia makofi bali kumbishia. Hakumung'unya maneno. Mwaka 1984 filamu bora aliitaja ile ya mama anayesubiri basi tangu mwanzo hadi mwisho, ambayo watazamaji wengi waliikimbia ikiwa nusu, akasema jinsi yule mama alivyohamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda mkono ule ndimo hadithi yote ilimokaa, na filamu mbaya kuliko zote akaitaja ile ya vita iliyojaza ukumbi mwezi mzima, kwa sababu watu walipigana kutwa nzima na hakuna shati lililochafuka, na vijana waliokuwamo nusura wamle mbichi. Mwaka uliofuata wimbo mbaya ulikuwa ule wa mapenzi ulioimbwa na mji mzima, akidai kwamba mtu anayekufa kwa mahaba hawezi kuwa na pumzi ndefu namna ile, na kwa kuwa wimbo huo ndio uliopigwa harusini kwa mdogo wake anayewasomea haya, hawakusemezana mpaka mwezi wa pili.

Kwa upande wa nyimbo alijiwekea utaratibu wake, kwamba mkewe ndiye atakayeweka kanda kwenye redio, kanda zisizoandikwa kitu, naye atakaa ameupa ukumbi mgongo akitazama pazia, asijue anayeimba ni nani, kwani aliamini kwamba jina kubwa humziba mtu masikio. Utaratibu huo ulimletea heshima miaka ishirini na zaidi, kisha ukamletea msiba uliomkaa moyoni hadi alipolala.

Ilikuwa Desemba 1998. Binti yake, msichana wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa amekwenda na wenzake studio na kurekodi wimbo wake wa kwanza, na wifi yetu, kwa nia njema kabisa, akaichomeka kanda hiyo katikati ya nyingine ili baba mtu amsifu mwanawe bila kujua, kisha ageuke akute ni damu yake. Aliwanong'oneza wageni wote. Sebule nzima ilijua, watu wamebana vicheko, isipokuwa mtu mmoja tu aliyekuwa akitazama pazia.

Nyimbo zilipokwisha, kaka alisema: "Huu wa tatu ndio wimbo mbaya kuliko zote za mwaka huu. Huyu haimbi, anaomba asifiwe." Akaendelea kueleza, kama kawaida yake, kwamba sauti yenyewe ni nzuri na hilo ndilo linalomuudhi, kwamba mwimbaji kila akifika mwisho wa mstari anachungulia kama umependezwa, na mtu mwenye sauti kama ile hana haja ya kuchungulia. Alipoona hakuna anayembishia, alishangaa, akageuka, akamwona mwanawe mlangoni mwa jikoni ameshika sinia ya vikombe.

Wote walingoja acheke. Wifi alimrahisishia njia, akasema mumewe anatania, mnamjua alivyo, na lilikuwa neno dogo tu alilotakiwa kulidaka. Hakulidaka. Alisema sikio lililousikia ule wimbo halikujua ni mtoto wa nani, na akibadilisha kauli sasa, basi kila sifa aliyowahi kumpa mtu ni takataka. Binti alitua sinia, akawamiminia wageni chai mmoja mmoja, hata baba yake akammiminia, na kesho yake asubuhi akapanda basi la kwenda mji mwingine. Baadhi yenu mliokuwamo sebuleni siku ile mmeketi hapa, mlikunywa chai hiyo kimya kimya kisha mkaenda kuitangaza mtaani, hatuwataji majina, mnajijua.

Tangu hapo kaka yetu alikuwa mpweke, na tuseme hivyo bila kuzunguka. Alimpigia mwanawe simu, simu ikapokelewa kwa adabu, wakaongea habari za mvua. Jumba la sinema lilifungwa mwaka 2003 likageuzwa ghala la magodoro, naye akabakizwa humo humo kama mtunza ghala, akipanga magodoro chini ya ule ukuta mweupe alioumulika ujana wake wote, hadi alipostaafu Juni 2011. Mkewe alifariki tarehe 14 Julai 2009, binti akaja kumzika mama yake, akamsalimu baba kwa mikono miwili kama mtu anavyomsalimu mzee wa watu, na matanga yalipoisha akaondoka.

Desturi ya Desemba hakuiacha, ila watu waliiacha. Kila mmoja siku hizi ana filamu zake kwenye simu yake, anacheka peke yake na kulia peke yake, nani atakwenda kukaa kwenye kiti cha kuazima amsikilize mzee mwenye tai? Walipungua mpaka akabaki mdogo wake huyu, na mdogo wake alipovunjika nyonga asiweze kupanda ngazi za ghorofani kwake, hakubaki mtu. Fundi viatu anayeishi chumba cha pili alitusimulia kwamba Jumapili ya mwisho ya mwaka huo alimsikia kupitia ukutani akieleza vizuri kabisa kwa nini filamu fulani ni mbaya, kisha akinyamaza kidogo ili abishiwe, kisha akiendelea.

Mwaka 2017 masikio yake yalianza kufa. Alificha, na mwaka 2020 alipotangaza kwamba tangu sasa atahukumu filamu tu, tulidhani ni maringo ya uzee, hadi fundi viatu alipochoshwa na redio iliyokuwa ikikoroma siku nzima bila kushika stesheni yoyote, akagonga mlango, akagonga sana, mwishowe akaufungua mwenyewe akamkuta mzee ameketi kando ya redio hiyo kwa utulivu, mkono juu yake. Daktari wa masikio alieleza kwamba mishipa imekufa na kifaa hakitasaidia. Kaka alituapisha tusimwambie binti yake, nasi tukatii, kwa kuwa lilikuwa jambo moja tu alilowahi kutuomba.

Tarehe 17 Novemba 2023 alilazwa hospitali kwa maradhi ya moyo, na madaktari walipotuambia tuwaite wa karibu, tulimpigia binti, ambaye sasa ni mwalimu wa kuimba wa watoto na Jumamosi huimba kwenye hoteli. Alifika tarehe 2 Desemba, na pale kwenye ukumbi wa wodi akamwambia shangazi yake, huyu anayewasomea haya, kwamba hakuja kuombwa radhi. "Nataka anisikilize mara moja," alisema, "halafu aseme kama sasa naimba. Akisema siimbi, pia sawa." Ikabidi aambiwe. Alikaa kwenye benchi akitazama sakafu, akasema heri asingekuja, kisha akajifuta uso, akaingia.

Kaka alimtambua mara moja na akalia, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata kwenye mazishi ya mkewe. Binti aliuchukua mkono wa baba yake, akauweka kooni mwake, akaimba, wimbo mrefu, kwa sauti ya kawaida tu, macho ameyafumba. Alipomaliza alimwuliza kwa midomo, taratibu ili aisome, kama ni mzuri.

Lilikuwa tena neno dogo tu, na safari hii hakukuwa na mtu ambaye asingemsamehe kwa kulisema. Kaka alimtazama sana. "Sijui, mwanangu," alisema. "Sikusikia. Nikisema mzuri nitakuwa nakudanganya, na wewe utajua." Kisha akasema kwamba hakuna kitu duniani alichowahi kukitamani kama kuusikia wimbo ule, na kwamba amemwona hakuchungulia hata mara moja. Akaurudisha mkono wake kooni kwa binti, akamwambia aimbe tena, naye akaimba tena, na tena, mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Siku zilizofuata binti hakuondoka kando ya kitanda. Baba alikata kauli usiku wa tarehe 8, na alfajiri ya tarehe 9 Desemba 2023 akafariki dunia, kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi, kwa hiyo filamu na nyimbo za mwaka huu zitapita bila kuhukumiwa. Ameacha mtoto mmoja, wadogo wawili, na sebule yenye redio.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi aliyeongeza dakika chache kisha akajifanya hana saa, wafanyakazi wa ghala la magodoro waliochangia jeneza, majirani wa ngazi zote, na fundi viatu, aliyekuwa familia pale ambapo familia haikuweza kupanda ngazi.

Limebaki jambo moja. Tangu jana wengi wenu mmemwomba binti aimbe leo hapa kaburini, mkasema ni heshima kwa baba yake, na familia iliyafikisha maombi yenu. Amekataa, na ametuomba tuwaeleze sababu ili msidhani ni kinyongo. Anasema hivi: "Leo nikiimba mtasema nimeimba vizuri, wote, kwa sababu ni msiba. Ambaye asingesema hivyo ndiye huyu tunayemzika."

Kaka, umechoka, pumzika sasa, na amani iwe nawe huko uliko.