Zamu ya Nyumba ya Mama Clara

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama redio iko jikoni, isogeze karibu. Kama uko kazini, mwambie bosi dakika chache tu. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Chang'ombe, wilayani Temeke. Jina lake Felicitas Kokushubira. Mtaani walimwita Mama Clara. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na minane. Narudia kwa waliochelewa: Felicitas Kokushubira, Mama Clara, wa Chang'ombe.

Alikuwa msikilizaji wetu, tena si wa kubahatisha. Bintiye, Clara, ambaye ni mwalimu huko Mwanza, anasema redio ya mama yake iliwashwa alfajiri na kuzimwa akienda kulala. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira, muziki wa singeli, vyote alimeza. Singeli hakuipenda hata kidogo, lakini hakuizima.

"Nilimuuliza, mama, kelele zote hizo za nini?" anasema Clara. "Akaniambia, 'Mwanangu, nikizima nasikia friji.'"

Friji, wasikilizaji. Mama huyu alipiga taipu miaka thelathini kwenye ofisi ya kiwanda, mashine sita zikilia chumba kimoja. Sasa amestaafu. Mume amefariki. Mtoto ni mmoja, naye yuko Mwanza. Upweke uliingia nyumba ile, ukavua viatu, ukakaa kama mwenye nyumba.

Kilichombakia ni jumuiya. Wakatoliki mnaelewa, wengine niwaeleze. Jumuiya ni majirani wa mtaa mmoja wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Leo kwako, wiki ijayo kwa jirani yako. Na ukifa, jumuiya ndiyo inayokuzika. Mwenyekiti anaandika barua kwenda parokiani kwamba huyu alikuwa mwenzetu. Ishikeni hiyo barua, wasikilizaji, tutairudia.

Siku moja Mama Clara akipita kwenye ukumbi wa jamii aliona tangazo ukutani. Mafunzo ya kutuliza akili na mafundisho ya Budha. Jumamosi saa moja asubuhi. Watu wa dini zote. Bure. Alisoma mara mbili. Akili yake, alimwambia Clara kwenye simu, ilikuwa haijatulia tangu amzike mumewe, na hapo hapakuhitaji hata nauli.

Mwalimu alikuwa Mwalimu Hope, muuguzi mstaafu aliyewahi kuishi Sri Lanka na kurudi na mafundisho hayo. Hakumwambia mtu aache dini yake. Aliwafundisha kukaa kimya. Kuifuata pumzi ikiingia, kuifuata ikitoka. Kukumbuka kwamba kila kitu kinapita, uchungu nao unapita.

Kukaa kimya! Mama Clara alishindwa vibaya sana. Siku ya kwanza aliambiwa avue viatu mlangoni, akanong'ona, "Kwani hapa ni msikitini?" Pembeni yake alisimama Mzee Mfaume, fundi seremala mstaafu, Mwislamu mzaliwa wa hapahapa Dar. Akamjibu, "Ungekuwa msikiti, ungenikuta safu ya mbele." Wakacheka, na urafiki ukaanza hapo.

Magoti ya mama yalikataa mkeka, akapewa kiti. Akafumba macho. Dakika ya pili tu, midomo ikaanza kucheza. Maisha yake yote alikuwa akisali kwa sauti. Rozari kwa sauti, litania kwa sauti, hata kumkumbuka marehemu mumewe kwa sauti. Pumzi zake alizihesabu kwa punje za rozari, na darasa zima lilisikia hesabu.

Baadhi walilalamika. Mwalimu Hope akawaambia, "Mwacheni. Huyu, tangu afiwe na mumewe, amekaa kimya miaka minne nyumbani kwake. Mnataka aje anyamaze na hapa?"

Polepole alijifunza. Miezi ikapita, na siku moja Clara alipiga simu, akashangaa. Hakusikia redio nyuma ya sauti ya mama yake. Alituzima, wasikilizaji! Mchana kutwa. Mie sikununa, ingawa mkuu wangu wa vipindi asinisikie.

"Nilimuuliza, friji je?" anasema Clara. "Akasema, 'Bado inalia. Sasa naiacha ilie.'"

Lakini palikuwa na tatizo la saa. Jumuiya ilianza kusali saa kumi na mbili na nusu. Darasa lilianza saa moja. Jumamosi ileile. Mama Clara alijaribu kuwa kote kote. Alikuwa akitoka jumuiya kabla ya matangazo, akitembea upesi na mkoba kwapani. Watu wakaona. Na watu wakiona, watu wanasema. Mara anaabudu sanamu. Mara anafumba macho na majini. Mara amebadili dini kwa sababu ya Waasia.

Mwenyekiti wa jumuiya, Bwana Didas, alikwenda kwake. Si mtu mbaya Didas, nimekaa naye, ni mtu wa utaratibu. Alimwambia, "Mama Clara, chagua. Huku au kule."

"Mwenyekiti, kule nafundishwa kuvuta pumzi tu. Pumzi aliyenipa si Mungu?"

"Mie siwezi kubishana. Ila siku ukilala hapo, usitutafute."

Siku ukilala hapo. Maneno hayo yalimwingia mama huyu mpaka kwenye mifupa. Alimpigia Clara, akamuuliza swali moja tu: "Nitazikwa na nani?" Clara alimwambia aache darasa, yaishe. Mama akajibu, "Nikiacha, nitarudi kwenye friji."

Basi akatulia, akangoja zamu yake. Zamu ya nyumba yake ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Aliamini wakishakaa kwake, wakinywa chai yake, yataisha. Jumamosi iliyotangulia aliaga darasani, akasema wiki ijayo haji, ana wageni.

Alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka msalaba na mshumaa. Viti vyake vilikuwa sita, akaazima tisa vya plastiki. Viti kumi na tano. Akachemsha chai ya tangawizi, akakaanga maandazi, akafungua mlango. Saa kumi na mbili na nusu ikafika. Ikapita. Saa moja kasoro dakika kumi, akasikia wimbo. Ulitoka nyumba ya pili, upande wa pili wa ukuta. Jumuiya ilikuwa imeiruka nyumba yake.

"Aliniambia aliimba nao," anasema Clara. "Peke yake sebuleni. Sauti ya pili, maana siku zote ndiyo aliyokuwa akiimba. Wimbo ulipoisha akanywa chai vikombe viwili."

Wasikilizaji, mie nimesoma taarifa nyingi za huzuni kwenye kiti hiki. Hiyo ya vikombe viwili inanishinda.

Jumamosi iliyofuata alirudi darasani. Mwalimu Hope alikuwa akiwafundisha zoezi la kutakia heri. Unaanza na nafsi yako, unaitakia amani. Kisha unayempenda. Kisha usiyemjua. Mwisho yule aliyekuumiza. Wenzake walifanya kimoyomoyo. Mama Clara, mnamjua tayari, alifanya kwa sauti. Ikawa hivyo kila Jumamosi, karibu miezi mitano. Na jina alilomalizia nalo lilikuwa hilohilo kila wiki.

Mwezi uliopita, Jumamosi moja, kiti chake kilibaki wazi. Mwalimu Hope alipiga simu, haikupokelewa. Mzee Mfaume alitembea mpaka nyumbani kwake, akagonga, akaita majirani, mlango ukavunjwa. Mama Clara alikuwa kitandani. Presha. Amefariki usiku, peke yake. Redio ilikuwa imezimwa.

Clara alifika kutoka Mwanza. Turubai likafungwa. Akaenda kuomba barua ya jumuiya. Alijibiwa kwamba marehemu hakuwa akihudhuria, wamtafutie wenzake wa kule.

Na wenzake wa kule walikuja. Watu kumi na mmoja. Walikaa kwenye mkeka, kimya, wamefumba macho. Hawakujua wimbo hata mmoja. Waombolezaji wakaanza kuulizana, hawa nani, mbona hawalii?

Jioni Bwana Didas alikuja. Alikuja kama jirani, kutoa pole na kuondoka. Alikuwa akichechemea. Mzee Mfaume akamtazama ule mguu, akainuka.

"Shikamoo mzee," Didas akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Didas?"

"Ndiye mie. Tunafahamiana?"

"Sie tunakufahamu. Mguu unaendeleaje?"

Didas akautazama mguu wake mwenyewe.

"Mama Clara alikuwa akitwambia," Mzee Mfaume akasema. "Didas mwenyekiti wetu, apone mguu. Didas alale vizuri. Didas awe na amani. Kila Jumamosi, miezi mitano. Sie wengine mpaka tumelikariri jina lako. Nami nikawa nakuombea, sikujui hunijui."

Bwana Didas aliketi. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kimoja kati ya vile vya plastiki, vilivyoazimwa tena kwa msiba. Nilipomtembelea wiki iliyopita alikubali niseme alichoniambia, tena aliomba niseme. Aliniambia hivi: "Sikusahau zamu yake. Niliiruka. Asubuhi ile nilipita pale, mlango uko wazi, harufu ya maandazi naisikia. Nikapita."

Barua aliiandika palepale chini ya turubai, kwenye karatasi ya daftari. Kisha akapiga simu nyumba kwa nyumba. Usiku ule jumuiya nzima ilikuja. Walikaa sebuleni kwa Mama Clara, mezani kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa. Viti kumi na tano vilijaa, wengine wakasimama. Waliimba wimbo uleule. Clara anasema sauti ya pili haikuwepo, na kila mtu mle ndani aliisikia kwamba haipo.

Alizikwa makaburi ya Chang'ombe, kwa misa, na jumuiya yake. Swali lake lilijibiwa. Lakini yeye alikwenda bila kulijua jibu.

Clara, dada yetu, pokea pole za wote walio kwenye kituo hiki. Mwalimu Hope, Mzee Mfaume na darasa lenu, poleni kwa kiti kilichobaki wazi. Bwana Didas na jumuiya, poleni nanyi. Nalisema kwa moyo, maana kuimba umechelewa ni kuzito.

Wasikilizaji wapendwa, tafakarini pamoja nami. Mtaani kwako kuna nyumba ambayo redio yake hailali. Labda ni jirani anayependa muziki. Labda anaogopa friji. Wewe unapita mlangoni pake kila siku, na unajua kama mlango uko wazi.

Leo hatufungi kwa wimbo. Nakuomba jambo ambalo mtangazaji haombi. Tuzime. Zima redio, vaa ndala, kagonge.