Soksi ya Pili ya Bi Salme

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ndugu, majirani na mliotoka mbali, tunamsindikiza Bi Salme binti Nasor, aliyezaliwa hapa Bagamoyo tarehe 4 Machi 1953, akahitimu Kurani chuoni, ila shule akaishia darasa la nne, maana kukaa kitako kulimshinda, mwalimu akasema, "Huyu amekalia siafu."

Mama yake mdogo, Bi Wahida, alimtia sindano za kufumia mkononi, ikawa ndiyo kazi yake, soksi za watoto wachanga, uzi akiupata kwa kufumua masweta ya mitumba, nyekundu akaiunga na kijani, kijani na manjano ya nanasi la Kiwangwa, na waliomuuliza soksi za nini na joto hili aliwajibu, "Mtoto ametoka kwenye joto kubwa kuliko hili."

Aliolewa na marehemu Bwanausi tarehe 20 Mei 1972, na mwaka uliofuata, tarehe 9 Agosti, akajifungua mtoto wa kwanza, soksi zote mbili zikiwa tayari juu ya mto, mtoto asilie, akazikwa, soksi zikabaki. Tangu hapo, kwa wanawe Humaid na Ibtihal, na kwa watoto wa mtaa mzima, alifuma moja kabla, ya pili akangoja kilio. Katikati hapo nyumba haikukalika, anafagia palipofagiwa, anatoka barazani, anamsimamisha kila mpita njia, "Amelia?" Bwanausi akimwambia, "Keti, mama, hata feni huzimwa," naye, "Feni haijawahi kuzaa."

Wifi yake Mosi aliwahi kumdanganya kwa huruma kuwa mtoto wa jirani amelia, ili apate kulala, Salme akauliza, "Amelia vipi?" Mosi akakwama, akanuniwa mwezi mzima.

Januari 2024 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa, akaambiwa apumzike, akafuma kitandani, kwa kuwa mjukuu wake Shurooq, wa Ibtihal, alikuwa na mimba ya kwanza. Jumamosi tarehe 8 Juni aliimaliza soksi moja, akamwita Mosi, ambaye mpaka uzee huu kisigino cha soksi kinampinda, akamwambia, "Ya pili ni yako, kipinde kisipinde, lakini usianze mpaka asikike." Akafariki Jumanne tarehe 11, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na mabonge yake ya uzi, majirani waliokesha nasi, na wauza mitumba wa sokoni, waliomuuzia masweta, waliofunga biashara leo.

Shurooq yumo chumbani, uchungu umemshika tangu asubuhi, Mosi yuko mlangoni na sindano mkononi, hajaanza, kakaa, kasimama, kakaa tena.

Bi Salme, hatutakudanganya. Akilia tutakuja mpaka kaburini tukwambie, na alivyolia. Sasa pumzika wewe, kwa amani, kuhangaika tuachie sisi.