Mistari Myekundu

Kwenye gari ya abiria ya kwenda Kizimbani, mbele yangu walikaa wafanyakazi wawili wa kilimo, Bi Shaima na Khelef, kompyuta mapajani. "Wakubwa wanatusubiri waione programu yetu ya miche ya mikarafuu," alisema Bi Shaima. "Bora tungebaki na kihariri cha zamani cha kuandikia programu. Hiki kipya kila nikiandika Java, ile lugha ya kompyuta, kinanipigia mistari myekundu chini ya maneno."

"Usiogope, nshaizima yote," alisema Khelef.

"Umeyarekebisha makosa?"

"Nimeizima mistari, Bi Shaima. Si ndiyo iliyokuwa ikikukera?"

Mimi kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi tu, lakini hapo nikainama mbele nisikie vizuri.

"Ilikuwa ikionya nini?" aliuliza Bi Shaima.

"Sikuisoma. Ilikuwa mingi."

Gari ikasimama Kizimbani. Wakubwa walikuwa kivulini, wakitabasamu. Konda akauliza nani anashuka. Bi Shaima na Khelef wakazidi kuinamia kompyuta zao.