Metrine Nangila na Mtu wa Saba

Tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Metrine Nangila atarudisha funguo za chumba cha eksirei alizokabidhiwa tarehe 2 Septemba 1991. Ni miaka thelathini na minne na karibu miezi miwili katika hospitali hii moja, idara moja, na kwa muda mrefu kiti kimoja ambacho alikataa kibadilishwe. Hapa masjala, wasifu huu unapoandikwa, hakuna faili ya mfanyakazi iliyo nyembamba kuliko yake. Ina barua ya kuajiriwa, vyeti viwili, fomu za likizo, na barua moja aliyoiandika kwa mkono wake mwezi wa Aprili mwaka huu. Tutaifikia.

Alikuja kutoka Bungoma akiwa na miaka ishirini na sita, akapanga chumba Migosi, na hakuhama mtaa huo tena. Enzi hizo filamu ilioshwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza, na harufu ya dawa ile ilimfuata nyumbani. Majirani waliamini kwa mwaka mzima kwamba anatengeneza achari, na mmoja alituma mtoto na bakuli.

Alijua kumwambia mgonjwa avute pumzi na kuizuia kwa Kiswahili, kwa Dholuo na kwa Lubukusu. Siku moja alimwambia mama mmoja azuie, kisha akaitwa mlangoni, akasahau. Aliporudi, yule mama alikuwa amesimama vilevile, macho yamemtoka. "Hujaniambia niachilie," alisema alipopata sauti. Tangu siku hiyo Mama Metrine hakuitika mlangoni mtu akiwa mbele ya mashine, hata aliyekuwa akibisha awe mkurugenzi.

Tungeishia hapo, tukate keki. Lakini yeye mwenyewe ameomba yaliyotokea mwaka huu yaandikwe, na yaandikwe bila kupunguzwa.

Mwezi wa Januari hospitali ilipata programu ya akili mnemba ya kusoma picha za kifua. Unaipa picha, na kabla ya dakika kwisha inajibu: kijani ikiwa haijaona tatizo, nyekundu ikiwa mgonjwa aonwe na daktari. Daktari wetu wa kusoma picha huja Jumanne na Ijumaa tu. Mtu aliyetoka mbali, kama Kombewa, siku ya Jumatano alikuwa akirudi kwao bila jibu, na wengine hawakuonekana tena. Kwa hiyo mkutano wa idara ukakubaliana kwamba wa kijani waende nyumbani siku ileile.

Mkutanoni Mama Metrine alisema anaogopa kitu kinachojibu haraka namna hiyo. Simiyu, kijana atakayerithi kiti chake, akamtania: "Mama, si hata wewe hujibu haraka?" Watu walicheka, naye akacheka, akainua mkono kukubali pamoja na wengine. Mkono ule ameutaja mara nyingi tangu wakati huo.

Tarehe 10 Machi stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikaunguza kifaa kilichopeleka picha kutoka mashine ya eksirei hadi kwenye programu. Wenye programu tuliowauliza wakatuambia kwamba, tukisubiri kifaa kingine, tupige picha ya kioo cha kompyuta kwa simu na kuituma. Tulifanya hivyo siku kumi na tisa za kazi.

Juu ya kila picha, kwenye kioo chetu, huandikwa jina la mgonjwa na namba yake. Mama Metrine hakutaka majina ya watu yazunguke ndani ya simu, na sheria iko upande wake. Akakata sehemu ya juu ya kila picha kabla ya kuituma, akawafundisha na wenzake kufanya hivyo. Lakini maandishi yale hukaa juu ya mabega. Jina lilipokatwa, ncha za mapafu zilizo juu ya mifupa ya mitulinga zilikatwa nalo. Kila aliyepiga picha za vifua vya watu wa huku kando ya ziwa anajua kifua kikuu hupenda kuanzia wapi. Huanzia pale pale juu.

Programu haikudanganya. Ilipewa mapafu yasiyo na ncha, ikajibu kuhusu mapafu yasiyo na ncha. Kinachotutia hofu mpaka leo ni kwamba haikuuliza sehemu nyingine iko wapi. Na sisi, tulioona kijani, hatukuuliza pia.

Tarehe 14 Aprili Mzee Walter Owiti, muuza omena wa soko la Kombewa, ambaye ameturuhusu kutaja jina lake, alirudi na kitambaa mkononi. Alikifungua mbele ya Mama Metrine.

"Mama, ile simu yenu ilisema niko sawa," alisema. "Sasa hii damu ni ya nani?"

Mama Metrine alifungua picha ya awali ya Mzee kwenye kioo. Juu ya mtulinga wa kulia palikuwa na wingu jeupe lenye tundu katikati. Akaiweka sambamba na ile iliyotumwa kwa simu. Simiyu anasema Mama alitoka nje, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya watu wenye namba zao mkononi, na mmoja akamuuliza kama naye anasubiri kuitwa.

Alasiri hiyo aliandika ile barua. Ina mistari mitano. Anasema ni yeye aliyeanza kukata na ni yeye aliyewafundisha wengine; anaomba picha zote za siku kumi na tisa zisomwe upya na daktari, na kila aliyeambiwa yuko salama bila kuwa salama atafutwe.

Msimamizi wetu, Bwana Mathews Mukhwana, aliogopa, na hafichi hilo. Aliogopa kwamba habari ikitoka watu watakimbia eksirei kabisa. Alimwita Mama Metrine ofisini, na masjala iko upande wa pili wa ukuta.

"Mama, umebakiza miezi sita. Kweli unataka watu wakukumbuke na hii?"

"Wanikumbuke na hii, Bwana Mathews. Bora wawe hai wa kukumbuka."

Kisha tukasikia muhuri wa kuidhinisha ukigongwa kwenye barua.

Picha za kijani zilikuwa mia moja sitini na tatu. Daktari alizisoma kwa siku nne. Watu saba walikuwa na kitu kilichofichwa na mkato wetu. Mzee Owiti alikuwa wa kwanza, na yuko kwenye dawa. Wengine watano walipatikana kwa simu, kwa wahudumu wa afya wa vijiji, na kwa miguu ya Mama Metrine mwenyewe. Wa tano alikuwa mpangaji wa chumba kinachopakana na chake, Migosi. Mama alikuwa amemsikia akikohoa kupitia ukutani wiki sita, akidhani ni moshi wa jiko.

Wa saba hatujampata. Ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyekuja na mtoto mchanga mgongoni. Jina lake hatuliandiki hapa. Aliandikisha makazi Nyamasaria na akaacha namba ya mwendesha bodaboda jirani, maana yeye hakuwa na simu. Mwezi wa Mei maji ya mafuriko yaliingia katika vyumba vya huko, wapangaji wakatawanyika, na boda naye akaondoka. Anayeondoka nyumbani kwa haraka hubeba mtoto na sufuria, haachi anwani. Baadhi yetu tunalijua hilo bila kusimuliwa.

Kila Alhamisi baada ya kazi Mama Metrine amekwenda Nyamasaria kuuliza, bila kutaja ugonjwa, kwa sababu hataki mtu apatikane akiwa tayari ametengwa. Ameambiwa Ahero, ameambiwa Busia, ameambiwa labda alirudi kwao. Mtoto, kwa hesabu ya kadi yake ya kliniki, sasa ana miezi tisa. Hesabu hiyo ndiyo inayomnyima usingizi Mama Metrine, na si yeye peke yake.

Programu bado tunaitumia, na Mama Metrine ndiye aliyesema isitupwe, kwa kuwa tangu kifaa kibadilishwe imeona ugonjwa katika vifua viwili ambavyo macho yake yalivipita. Lakini hakuna anayeenda nyumbani kwa neno la programu pekee. Mpigaji picha huandika maoni yake kwanza, kwa kalamu, ndipo afungue jibu la mashine. Wasipokubaliana, mgonjwa humngoja daktari, na nauli ya kurudi tunamtafutia. Kifaa kikifa, programu nayo inazimwa. Majina sasa huandikwa chini ya picha, chini kabisa, mahali pasipo na pafu.

Wiki iliyopita alimkabidhi Simiyu daftari lenye jina la yule mwanamke na kila mlango uliokwisha kubishwa. Simiyu aliuliza atafute mpaka lini.

"Mpaka umwone kwa macho," alisema, "na mtoto umwone pia."

Mama Metrine, asante kwa miaka yote, na asante zaidi kwa mistari mitano ambayo mwingine angeogopa kuiandika. Tunakuombea afya, shamba lenye mvua ya kiasi, na wajukuu wasiokuchosha kule Bungoma. Alhamisi hii ataenda Simiyu, na inayofuata ataenda mwingine wetu. Habari tutakayoipata, njema au mbaya, tutakupigia wewe kwanza.