Mama Bado na Kisu cha Kubeba Jina Letu

Baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha visu vya kukunja, mkaguzi wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Jina lake kamili liko kwenye kitambulisho; sisi tunamwita Mama Bado, kwa kuwa ndilo neno analokiambia kila kisu kabla ya kukipitisha.

Alianzia chumba cha kufungasha, binti mwembamba asiyeishiwa utani. Mwaka wake wa tatu, jirani yake wa benchi, aliyemwita dada, alikuwa akifuta kisu kilicho wazi. Kizuizi, yaani kile kibao cha chuma kinacholishika bapa lisijikunje, kiliachia. Mama Bado alikaa naye garini hadi hospitali, ameuzungushia mkono wa dada huyo aproni, na kipande cha kidole kimo ndani ya kikombe cha chai. Dada hakurudi kazini. Mama Bado alirudi, akaomba kuhamishiwa meza ya ukaguzi. Tangu siku hiyo, anasema, hajashika kisu chochote bila kukiogopa.

Tulimcheka sana. Anagonga mgongo wa bapa kwenye gogo, anatega sikio, anagonga tena. Mume wake, fundi cherehani, hutusimulia kwamba nyumbani mkata vitunguu ni yeye mume. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tuliishika ile nusu ya kwanza, ya pili tukaisahau.

Mwaka jana tulialikwa kwenye maonyesho, tukatakiwa kupeleka kisu kimoja tu, kile kitakachosema sisi ni nani. Tulibishana wiki mbili. Wakongwe wa karakana walitaka Namba Nne, yenye mpini wa mti na bapa fupi, ambayo haijabadilika tangu kiwanda kianze. Meneja wa mauzo alitaka Johari: mpini mweusi unaong'aa, na inafunguka kwa kidole gumba tu. Mimi nilikuwa upande wa meneja, maana Johari niliichora mimi. Elfu mbili zilikuwa tayari kwenye maboksi, ziende madukani Ijumaa.

Jumatano, Johari ya tisa aliyoigonga mezani pake ilitoa mlio tofauti. Hakuna mwingine aliyeusikia. Akagoma kutia saini ya kuruhusu maboksi yatoke.

“Mama, umebakiza mwaka mmoja,” meneja alimwambia. “Usijiharibie.”

Mama Bado aliiweka kalamu chini. Baadaye aliniambia kwamba aliogopa kufukuzwa, aliogopa kuwa amezeeka na masikio yanamdanganya, na zaidi ya yote aliogopa kwamba hayamdanganyi.

Alhamisi asubuhi alituita mezani. Alifungua Namba Nne, akaweka kidole chake njiani mwa bapa, kisha akagonga mgongo wa kisu kwenye gogo mara ishirini. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Kidole kilibaki kizima. Akafungua Johari, akanisogezea.

“Mwanangu, umeichora wewe. Haya, weka chako.”

Nilikitazama kidole changu. Nilikijua kile chuma cha kizuizi; nilikipunguza unene mwenyewe ili kisu kifunguke kwa wepesi, na nikatambua hapo hapo kwamba nilikuwa na hofu tangu siku nilipokipunguza, ila sikuwahi kuisema. Mkono wangu haukunyanyuka. Meneja naye alitia yake mifukoni.

Mama Bado akaweka penseli. Pigo la kumi na moja, kizuizi kiliachia, bapa likajikunja, na penseli ikawa vipande viwili. Meneja alikaa juu ya boksi.

Maboksi yote yalifunguliwa. Johari mia moja na arobaini zilishindwa mtihani huo huo, na kila moja ingekuwa mfukoni mwa mtu. Tuliziyeyusha zote elfu mbili. Kwenye maonyesho ilienda Namba Nne, peke yake juu ya kitambaa cheupe. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini tumeleta kisu cha kizamani namna hiyo, akajibiwa na meneja mwenyewe: “Hiki kinashika.”

Kuanzia Jumatatu meza ile ni yangu. Ni yeye aliyeomba nikabidhiwe, jambo ambalo bado silielewi vizuri. Nilimwambia naogopa.

“Ogopa,” alisema, “ndiyo kazi yenyewe. Mimi nimeogopa vya kutosha, sasa ni zamu yako.”

Asante, Mama, kwa vidole vya watu wasiokujua, ambao leo wanafunga vifungo vya mashati yao wala hawana habari nawe. Tunakuombea asubuhi nyingi za kuamka moyo umetulia.